Kibonde Katikati ya Kinoo

"Umeniuma tena," alisema Mzee Vipele, macho kayafumba na povu la sabuni limemjaa kidevuni. "Wembe wako una meno, kijana."

Kinyozi aliinua mkono upesi. "Samahani, mzee wangu. Ni hapa tu, kwenye pembe ya taya."

"Hapa tu! Juma lililopita ilikuwa shingoni tu, na lile jingine chini ya pua tu. Nikifika nyumbani nawaka kama nimepakwa pilipili." Mzee alifumbua jicho moja, akalielekeza kwenye kioo, akapaza sauti ili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wamsikie vizuri. "Enzi za marehemu nilikuwa nalala kwenye kiti hiki hiki. Nakoroma kabisa. Naamka namuuliza, mbona huanzi? Ananiambia, mzee, nenda zako, nimeshamaliza."

Benchi zima likacheka. Kinyozi naye akacheka, maana mteja akicheka huna budi kucheka naye, lakini kilikuwa kicheko cha midomo. Rohoni alitamani kumuuliza yule mzee kama amekuja kunyolewa au kuomboleza.

Mzee Vipele hakupewa jina hilo kwa ubaya. Ngozi yake ilikuwa nyororo kama ya kichanga, na wembe ukipungua makali kidogo tu, kesho yake shingo yote inatutumka. Kwa hiyo mtaa mzima uliitazama shingo yake kabla ya kuamua pa kunyolea. Shingo ikiwa laini, benchi linajaa. Shingo ikiwa na vipele, watu wanavuka barabara kwenda kwa jirani mwenye mashine za umeme. Miezi hii watu walikuwa wakivuka barabara.

Kinyozi naye alikuwa na jina lake, ila hili lilikuwa na ubaya kidogo. Walimwita Mrithi. Zamani alikuwa akinyoa kwenye kiti cha pili katika duka lile lile, na mwenye duka alipofariki, yeye akabaki na kiti cha kwanza, kioo, wateja, na baadaye, msiba ulipopoa na watu wakachoka kusengenya, mjane pia. Alirithi kila kitu isipokuwa sifa. Sifa zilibaki kwa marehemu, na kila aliyeketi kwenye kiti kile aliona ni wajibu wake kuzitaja.

"Jumamosi mjukuu wangu anaoa," mzee aliendelea huku akifutwa uso. "Bwana harusi, kaka zake, wajomba zake, wote wanataka nyuso za kung'aa. Ningependa kuwaleta hapa. Lakini Ijumaa nitatangulia mimi mwenyewe. Ukiniuma tena, mwanangu, usinilaumu. Nitawapeleka ng'ambo."

"Ijumaa hutausikia wembe, mzee wangu," Mrithi alisema. "Nina jiwe jipya la kunolea."

Ni kweli alikuwa nalo. Lilikuwa la kijani iliyokolea, urefu wa kiganja na vidole vyake, na mshipa mweupe ulipita pembeni. Muuza vyuma chakavu nyuma ya soko alimwapia kwamba ni jiwe la mlimani, la asili, si la kiwandani, na kwamba aliyemuuzia aliondoka akifuta machozi. Mrithi hakuwa na cha kutoa ila saa yake ya mkononi. Akaivua. Tangu hapo ikawa anawauliza wateja saa ngapi, nao wakimjibu macho yao yanatua pale mkononi ilipokuwa saa.

&nbsp;

"Mke wangu, hebu lipime hili."

Aliliweka mezani baada ya chai ya jioni, likiwa bado ndani ya gazeti. Mkewe, ambaye mtaa ulimwita Mama Makali, alifuta mikono kwenye kanga na kulifungua. Yeye ndiye aliyekuwa akinoa nyembe zote za duka. Marehemu alimfundisha mara tu walipooana, na hakuwepo mwingine mtaani aliyeijua kazi hiyo. Mrithi alikuwa na mkono mwepesi wa kunyoa, hilo hata adui yake alikubali, lakini kwenye jiwe mkono huo huo ulikuwa mzito kama wa mtwanga kokoto, na kila alichonoa kilitoka msumeno.

Mama Makali alilimwagia jiwe maji kiasi cha kiganja, akasubiri. Maji yalikaa juu, hayakunywewa upesi. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, akitafuta chembe ya mchanga, maana chembe moja tu ndani ya jiwe la asili inatosha kuung'oa makali wembe mzima. Hakuipata. Akachukua kijiwe kidogo, akasugua juu yake hadi ukatoka uji mwepesi wa kijani, akauinamia na kuunusa.

"Vipi?" Mrithi aliuliza.

"Unanukia udongo ulionyeshewa." Mama Makali alitabasamu bila kujua kwamba anatabasamu. "Jiwe zuri hili, baba. Zuri kweli. Nani kakuonyesha?"

"Nimelichagua mwenyewe."

Moyo wa Mrithi ulijaa. Alikuwa amesubiri neno kama hilo muda mrefu, na sasa limetoka bila kulazimishwa. Laiti jioni ingeishia pale.

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," ilisema sauti kutoka kwenye kiti cha dirishani.

Huyo alikuwa Bibi, mama mzazi wa marehemu. Alibaki katika nyumba ile kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, na kwa sababu nyumba ilijengwa na mwanawe. Masikio yake yalisikia alichotaka, na ulimi wake ulikuwa umenolewa kabla ya nyembe zote za duka.

"Hakuna aliyetaja kidonda, Bibi," Mrithi alisema.

"Wala mimi sijakutaja wewe, baba. Nimetoa methali tu. Methali haina mwenyewe."

Mama Makali hakuwasikiliza. Alikuwa ameshavuta mtoto wa meza na kutoa kifurushi cha kitambaa laini. "Ngoja niyalinganishe," alisema, akafungua kinoo cha marehemu, jiwe la kijivu lililopauka, na kuliweka kando ya lile la kijani.

Kinoo kile kilikuwa na kibonde katikati. Marehemu alipougua, alipelekewa kinoo kitandani, kwa kuwa hakuweza kukaa bila kazi. Akawa ananoa kutwa nzima, nyembe zinazohitaji na zisizohitaji, visu vya jikoni, hata mkasi wa jirani, kwa mikupuo mifupi ya mtu asiye na nguvu, pale pale katikati. Alipokufa jiwe lilikuwa limebonyea kama kitanda cha mgonjwa. Tangu hapo Mama Makali alikuwa ananoa pembezoni, na wembe ulipofika katikati aliunyanyua kidogo, akaupitisha juu ya kibonde kama mtu anayeruka dimbwi, akaushusha upande wa pili. Kazi ilichukua muda mara mbili na makali yalitoka nusu.

Sasa aliweka kidole gumba ndani ya kibonde. Hakuwa akipima chochote. Kidole kiliingia na kutulia humo, kwa mazoea tu, huku macho yake yakiwa kwenye jiwe la kijani. Mrithi alikiona kile kidole.

"Hilo ndilo linaloharibu nyembe zangu," alisema. "Limebonyea. Hata kipofu anaona."

"Naona."

"Basi kwa nini hulitupi?"

"Si nanoa pembeni."

"Unanoa pembeni!" Sauti ilimpanda. "Mzee Vipele ananidhalilisha mbele za watu, benchi linanicheka, wateja wanavuka barabara, na wewe unanoa pembeni ili usimkanyage mwenzio!"

Bibi aligeuza uso dirishani. Mama Makali alitoa kidole kibondeni, taratibu, kama aliyefumaniwa.

"Mwenzangu ni wewe," alisema.

"Kwa mdomo."

"Unataka niseme kwa kitu gani?"

"Kwa jiwe. Ijumaa, nyembe mbili. Mmoja unoe kwa jiwe langu, mwingine kwa jiwe lake. Nitamnyoa Mzee Vipele shavu la kushoto kwa wembe wangu na la kulia kwa wembe wake, na mzee mwenyewe atahukumu. Jiwe litakaloshindwa litoke katika nyumba hii."

"Kwani mawe yana miguu?" Bibi aliuliza dirisha.

Mama Makali aliyatazama mawe mawili kwa muda. Alijua lipi litashindwa. Alichoka pia, alichoka kuruka dimbwi kila siku, alichoka kusikia shingo ya mtu mmoja ikijadiliwa kama habari za serikali, na nusu ya moyo wake ilitaka jambo hili liamuliwe na mwingine, kwa sababu yeye alishashindwa kuliamua.

"Na utakubali matokeo?" aliuliza.

"Nimesema."

"Sawa, baba. Ijumaa."

&nbsp;

Mtu mwenye akili yake angelala usingizi baada ya hapo. Ushindi ulikuwa wazi. Lakini wivu hautaki ushindi, unataka kuhakikishiwa, na hakuna wa kuuhakikishia. Siku ya Alhamisi, alasiri, Mrithi alirudi nyumbani kuchukua taulo safi. Mkewe alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua. Chumba cha Bibi kilikuwa kimefungwa. Na pale mezani, juu ya kitambaa chake laini, kililala kinoo cha marehemu, kimeoshwa, kimekaushwa, kimewekwa sawasawa na ukingo wa meza. Jiwe la kijani lilikuwa dirishani, ndani ya gazeti lile lile, na juu yake mtu ameweka kisahani.

Labda Mama Makali alikiweka hapo ili gazeti lisipeperuke. Labda kisahani ni cha Bibi. Mrithi hakutaka labda yoyote. Alichoona ni kwamba mmoja amelazwa kitandani na mwingine amewekwa dirishani, na kwamba hata akimnyoa mzee Ijumaa hadi alale usingizi, na jiwe hili litoke leo au kesho, mkewe atalitoa kama anavyotolewa maiti, kwa heshima zote.

Alilichukua jiwe la marehemu akaenda nalo uani.

Kulikuwa na kibaraza cha saruji karibu na pipa la maji. Akapiga magoti, akalibana jiwe kwa mikono miwili, uso wake ukiwa chini, akalivuta juu ya saruji. Lilitoa sauti ya kukwaruza iliyomsisimua meno. Akamwaga maji kidogo kupunguza kelele. Nia yake ilikuwa kulitia makovu tu, mikwaruzo kadhaa, wembe ukipita hapo utoke na meno ya kweli, ili lishindwe kiasi cha kutosha, lishindwe hata machoni mwa mkewe.

Alipoligeuza aone, alikuta kingo zimechakaa vizuri. Lakini kibonde hakikuguswa. Saruji haikukifikia. Kilikuwa kimelala pale katikati, laini, kinang'aa maji, kama vile marehemu amejiinamia kidogo akaacha ghadhabu ipite juu yake.

"Ala," Mrithi alisema. "Unanikimbia?"

Akasugua tena. Aliongeza mchanga na maji, akasugua kwa mviringo, akaegemeza uzito wake wote. Mgongo uliuma, magoti yaliuma, jasho lilimdondoka kwenye saruji likachanganyika na uji mweupe. Kila alipogeuza jiwe, kingo zilikuwa zimeshuka na kibonde kimepungua. Kikawa kama yai. Kikawa kama sarafu. Hakuwa tena na habari ya Ijumaa wala ya Mzee Vipele. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumfuta, na mtu huyo alikuwa anapungua chini ya mikono yake, na furaha aliyoisikia ilimtia haya hata yeye mwenyewe. Mwisho akageuza jiwe, hapakuwa na kitu. Lilikuwa tambarare kama meza.

Ndipo akaogopa. Aliliosha, akalikausha kwa shati lake, akalirudisha juu ya kitambaa, sawasawa na ukingo wa meza. Alimwaga ndoo ya maji kwenye kibaraza. Uji mwingine ulikwenda na maji, mwingine ukabaki kwenye nyufa za saruji. Akachukua taulo zake akarudi dukani, na mteja wa kwanza aliyemuuliza mbona magoti yake yana maji, alimjibu kwamba aliteleza.

&nbsp;

Ijumaa asubuhi Mama Makali alifagia uani kama kawaida, kisha akaenda dukani na mawe yote mawili kikapuni.

Habari zilikuwa zimeshasambaa. Benchi lilijaa watu wasio na ndevu. Mzee Vipele alifika kifua mbele, akaketi kama hakimu, akatandaziwa shuka shingoni.

"Mtaniambia wembe upi ni wa jiwe la nani?" aliuliza.

"Hapana, mzee wangu," Mrithi alisema. "Wewe sikiliza ngozi yako tu."

Mama Makali aliketi kwenye meza ndogo pembeni ya kioo. Alianza na jiwe la kijani, na alilitendea haki; yule mwanamke hakujua kunoa kwa hila, kama vile mwingine asivyojua kuimba kwa hila. Alitoa uji, akalaza wembe kwa ubapa, makali na mgongo vyote vikigusa jiwe, akaupeleka na kuurudisha, akiongeza maji matone kwa matone hadi uji ukawa maji matupu. Akaupiga kwenye mkanda wa ngozi, akauweka kando.

Kisha akafungua kile kitambaa laini.

Mrithi alikuwa akikoroga sabuni kwenye kikombe. Alijitahidi asitazame, akatazama kwenye kioo. Aliona mkono wa mkewe ukishuka juu ya jiwe la kijivu, na kidole gumba kikienda chenyewe katikati, mahali pake. Kidole kikateleza. Kikaenda moja kwa moja hadi ukingoni. Kikarudi, kikatafuta. Mkono wote ukasimama.

Alisubiri kelele. Alikuwa na majibu tayari, ya kukana na ya kugombana, yote ameyapanga usiku kucha. Mama Makali hakupiga kelele. Hakumtazama hata. Mzee Vipele akakohoa na kuuliza kama wamemsahau. Kisha akachukua kile kijiwe kidogo, akaanza kulainisha mikwaruzo ya saruji, akisugua bila haraka.

Alipolaza wembe, aliupitisha kutoka mwisho hadi mwisho bila kuunyanyua. Alijilazimisha. Kila ulipofika katikati, bega lake lilishtuka kidogo, lakini wembe ulibaki chini.

"Tayari," alisema. Ilikuwa sauti ya mtu anayempa jirani chumvi.

Mrithi alipaka povu. Alianza na shavu la kushoto, wembe wa jiwe lake. Ulikwenda vizuri. Ndevu zilikatika kwa sauti ndogo, safi, na mzee akatoa mguno wa kuridhika. "Hee, kijana. Hapa umejitahidi. Siumwi." Benchi likanong'ona. Mrithi akahisi kichwa chake kimekuwa chepesi.

Akabadilisha wembe, akahamia kulia.

Wa kwanza kujua hakuwa mzee. Alikuwa yeye, kwa vidole vyake. Wembe uligusa shavu na ndevu zikaondoka bila sauti yoyote, kana kwamba hazikuwahi kushikwa na ngozi. Alikuwa amenyoa miaka yote hiyo, na hakuwahi kushika wembe kama ule. Alishuka hadi kwenye pembe ya taya, pale ambapo kila mara mzee hushtuka, na mzee hakushtuka. Alikuwa amefumba macho. Mdomo ulikuwa umelegea.

Jinsi gani? Mrithi alijiuliza. Nimeliua lile jiwe. Nimeliua kwa mikono yangu.

Wembe ulikuwa shingoni sasa. Ilihitajika kuinamisha kifundo cha mkono kidogo tu, kiasi ambacho hakuna jicho la benchi lingekiona, na wembe ungemng'ata mzee, na hukumu ingegeuka pale pale. Mrithi alilifikiria hilo kwa makusudi kabisa. Tusimsafishe. Alilifikiria, akachagua hata mahali. Lakini mkono wake wa kunyolea, kitu pekee duniani ambacho hakukirithi kwa mtu, ulikataa kumkata mteja. Ulimaliza kazi, ukafuta povu, ukashuka.

Mzee Vipele hakufumbua macho.

"Mzee," mmoja alimwita kutoka kwenye benchi. "Mzee, lipi?"

Mzee alishtuka, akapapasa shavu la kulia, akapapasa shingo. Machozi yalimlengalenga bila aibu. "Nilikuwa nimesinzia," alisema. "Amerudi. Wallahi, marehemu amerudi."

Watu wakapiga makofi. Walimpigapiga Mrithi mgongoni, wakamwambia hongera, harusi yote itanyolewa hapa, na yeye akasimama katikati ya furaha yake mwenyewe kama mtu aliyealikwa kwa makosa.

&nbsp;

Mchana walifunga duka, wakarudi nyumbani bila kusemezana. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Mama Makali aliweka mawe mezani, akakaa.

"Ulilisugua wapi?" aliuliza.

Mrithi alielekeza kidole uani. "Kibarazani. Pale kwenye pipa."

"Lini?"

"Jana. Ulipokwenda kwa jirani."

"Nimesikia," Bibi alisema. "Nilikuwa nimelala, nikasikia jiwe linasuguliwa kibarazani, nikasema, alhamdulillahi, mkwe wangu ameamka. Maana ndivyo alivyokuwa akifanya mwanangu alipokuwa mzima. Kila jiwe lilipoanza kubonyea alilipeleka pale pale, mchanga na maji, akalisugua liwe sawa. Nikadhani ni huyu mkwe wangu." Alimgeukia Mrithi, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kijembe sautini. "Kumbe ni wewe, baba. Ulisugua kama mwanangu kabisa. Hata pumzi."

Mrithi aliketi. Alitaka kumfuta yule mtu, naye akaishia kumfanyia kazi yake iliyobaki.

"Ulijua?" alimuuliza mkewe. "Ulijua kwamba jiwe husawazishwa hivyo?"

"Najua tangu nilipoolewa."

"Ungelisawazisha siku yoyote. Wateja wote wale, kelele zote zile... Kwa nini?"

"Kwa sababu alikichimba akiwa anakufa," Mama Makali alisema. "Nilikuwa nimekaa pembeni yake nashika beseni la maji. Nguo zake nilizigawa. Kitanda nilikiuza. Kazi yake nilikupa wewe, na mimi mwenyewe nikajitoa kwako, tena kwa hiari yangu, sikulazimishwa. Kile kibonde tu ndicho nilikuwa sijampa mtu." Alitazama mlango wa uani. "Leo asubuhi nilifagia. Niliona vumbi jeupe kwenye nyufa za kibaraza, nikadhani ni chokaa. Nikaifagia vizuri kabisa, nikamimina jalalani. Mimi mwenyewe."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti. Bibi alinyanyuka kwa shida, akaenda kusimama nyuma yake, akaweka mikono mabegani mwake.

"Nisamehe," Mrithi alisema.

"Leo nakuchukia," mkewe alimjibu, bila hasira, kama anayemwambia hali ya hewa. "Sijui kesho. Leo nakuchukia."

Mrithi alichukua jiwe la kijani, akaanza kulifunga kwenye gazeti. Gazeti likachanika. "Nilisema litakaloshindwa litatoka. Nitalirudisha kwa yule muuza vyuma."

"Liache."

"Nilisema mwenyewe."

"Liache hapo, baba. Jiwe zuri, halina kosa." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Hakuna kinachotoka. Kilichokuwa kitoke kimeshatoka."

&nbsp;

Harusi ilinyolewa yote, na baada ya harusi benchi likajaa. Jirani wa mashine za umeme alivuka barabara mwenyewe kuja kunyolewa ndevu, akasema anataka tu kuona. Mzee Vipele alikuwa anatembea na kola wazi ili watu waione shingo yake. Wengine walianza kumwita Mrithi kwa jina jipya, Fundi, na wengine walisahau, wakaendelea na lile la zamani.

Mama Makali alirudi kuzungumza naye kidogo kidogo, kwanza mambo ya sabuni na taulo, halafu mengine. Siku moja asubuhi, kabla ya wateja, alikuwa amekaa kwenye meza ndogo akinoa kwenye jiwe la kijivu. Jua lilikuwa limeingia hadi kwenye kiti. Alikuwa anaimba kwa puani, wimbo usio na maneno, na Mrithi aliyekuwa akifuta kioo alifurahi kuusikia, kwa sababu tangu Ijumaa ile hakuwa ameimba. Akajisemea moyoni kwamba labda sasa yamekwisha. Labda sasa ndani ya nyumba ile wamebaki wale tu walio hai.

Akamtazama kwenye kioo. Mkono wa mkewe ulikuwa unakwenda na kurudi, mwepesi, akili yake iko mbali. Wembe ulifika katikati ya jiwe, ukanyanyuka kidogo, ukavuka, ukashuka upande wa pili. Ukarudi. Ulipofika katikati, ukanyanyuka tena.

Mrithi alisimama na kitambaa mkononi. Jiwe lilikuwa tambarare kama meza. Hapakuwa na kitu cha kuvuka.